Ndege Kubwa Katika Nyumba Ndogo



Kuna kazi ya mikono ambayo watoto wa Kamina huifanya bila kuombwa na mtu yeyote, nayo ni kuunda mifano ya ndege. Mtoto wa miaka sita huanza na bua la mhindi na kipande cha waya. Akifika miaka kumi na miwili, amekwisha kujua kukata bati la kopo la maziwa bila kujikata vidole. Na akifika miaka kumi na sita, yule mwenye kipaji haridhiki tena na kichezeo cha kushika mkononi. Anataka ndege yenye mabawa marefu kuliko kimo chake mwenyewe, yenye magurudumu yanayozunguka na dirisha la rubani, na anataka ikae mahali ambapo kila aingiaye nyumbani ataiona.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Baba anauliza kitu hicho kitaleta nini mezani. Mama anauliza wageni watakaa wapi. Kaka mkubwa anacheka, akisema kwamba mtu mwenye ndevu zinazoota hapaswi kucheza na karatoni. Mara nyingi ugomvi huo huisha vibaya: ndege inatupwa nyuma ya jiko, mvua ya kwanza inailowesha, na kijana aliyeiunda kwa miezi mitano hajaribu tena kitu chochote kinachohitaji miezi mitano. Hasara hiyo haiandikwi popote, lakini sisi tunaoishi na vijana tunaiona.

Kwa kuwa jambo hili limeletwa mbele yetu zaidi ya mara moja, na wazazi pamoja na vijana wenyewe, tumeona inafaa tulitolee maoni. Tunasema hivi: ndege hiyo ijengwe, na ijengwe kubwa, ifuate vipimo vya kweli, na iwekwe sebuleni, au salonini kama tunavyosema hapa kwetu. Lakini isiwekwe ikiwa bubu. Katika mji huu ndege si pambo tupu, na anayeitundika ukutani ana deni la kueleza ni ndege gani, ilibeba nini, na iliwaacha akina nani.

Kwanza tuzungumze juu ya vipimo, maana watu wengi hudhani kwamba ukubwa ndio ugumu wote. Mfano wa ndege wenye thamani huanza na hesabu. Unachukua vipimo vya ndege yenyewe, unachagua utaipunguza mara ngapi, kisha unaifuata hesabu hiyo kila mahali, hata pale inapokuudhi. Chukueni Fouga Magister, ndege ya Kifaransa ya mafunzo ambayo jina lake wazee wa Katanga wanalijua. Mabawa yake, kutoka ncha hadi ncha, ni takriban mita 12, na urefu wake ni kama mita 10. Ukiipunguza mara kumi, unapata ndege ya mita 1 na sentimita 20 kwa mita 1. Inatosha juu ya meza, na mama bado ana mahali pa kuweka sahani. Mkia wake una vibao viwili tu vilivyoinuka kama herufi V, wakati ndege nyingi zina vitatu. Kwa hiyo kijana anayeweka mkia wa kawaida kwa sababu ni rahisi, ameunda ndege isiyokuwapo duniani.

Sasa chukueni C-130, ile ndege nene ya mizigo yenye injini nne. Mabawa yake ni mita 40 na zaidi kidogo, urefu wake karibu mita 30. Ukiipunguza mara kumi, una kitu cha mita 4 ambacho hakiwezi kuingia katika nyumba nyingi za kwetu. Ukiipunguza mara ishirini, mabawa yanakuwa mita 2, mwili mita moja na nusu, na kile kibao cha mkia kinacholala kinakuwa na sentimita 80, yaani upana wa mlango wa kawaida. Fundi mwenye busara hupima mlango kabla ya kukata karatoni. Huyafanya mabawa yaweze kuchomolewa, na mkia vilevile, ili siku ya kuipeleka ndege ukumbini asilazimike kuvunja ukuta au kuvunja kazi yake. Tena ahesabu mapanga ya propela. C-130 za mwanzo kabisa zilikuwa na mapanga matatu kwa kila propela, zilizofuata zikawa na manne, na zile mpya za siku hizi zina sita. Kwa panga moja tu la karatoni unaweza kukosea miaka mingi.

Tunajua kuna watakaosema kwamba huku ni kujisumbua. Nani atahesabu mapanga? Jibu letu ni kwamba mtu aliyezoea kuikubali hesabu inayomkera, akatengua kazi ya juma zima kwa sababu ya sentimita tatu, amejifunza jambo ambalo hatulifundishi vizuri katika mikutano yetu mirefu. Tunahubiri ukweli kwa maneno mengi. Rula haisemi kitu, na haikubali rushwa.

Ukubwa nao una sheria yake, na wenye kuijua mapema huokoa machozi. Mwaka 1878, huko Marekani, mhubiri mmoja wa Kiprotestanti aliyekuwa askofu katika kanisa lake, Milton Wright, aliwaletea wanawe wawili kichezeo cha kuruka kilichoundwa kwa kizibo, mwanzi na karatasi, kikiendeshwa na mpira uliosokotwa. Wilbur alikuwa na miaka 11 na Orville 7. Kilipoharibika, waliunda vingine, kisha wakajaribu kuviunda vikubwa zaidi, na wakashangaa kuona kwamba kadiri kichezeo kilivyokuwa kikubwa ndivyo kilivyokataa kuruka. Hawakujua bado kwamba ukiongeza urefu mara mbili, eneo la ngozi yake huongezeka mara nne, na ujazo wake mara nane. Ndugu hao ndio walioirusha ndege yenye injini mwezi Desemba 1903. Twaona vema kukumbusha kwamba baba yao hakukitupa kichezeo nyuma ya jiko.

Sheria hiyohiyo inatawala salonini. Bawa la sentimita 50 linajishika lenyewe. Bawa la mita moja lililoundwa kwa namna ileile litainama kama jani la mgomba kabla ya Krismasi. Kwa hiyo ndani ya bawa kubwa lazima upite uti wa mwanzi uliopasuliwa, kutoka ncha moja hadi nyingine, ukipenya tumbo la ndege. Karatoni ikatwe ili mifereji yake ya ndani ielekee ncha ya bawa, maana ikielekea upande mwingine hukunjika palepale. Mwili ujengwe kwa pete za karatoni zilizopangwa kila sentimita kumi, kisha zifunikwe kwa vipande vyembamba. Hapa tuwaambie vijana wa kiume jambo moja: binti aliyejifunza ushonaji, anayejua kukata mkono wa blauzi ya kitenge ukakaa sawasawa begani, tayari anajua namna ya kuivisha pua ya ndege, ambayo ndiyo inayowashinda wengi. Kundi linalowaacha wasichana nje ya kazi hii linajinyima mafundi wake bora.

Gundi ya unga wa muhogo inatosha kabisa, ila panya na mende wanaipenda kama sisi tunavyopenda bukari, na mvua zetu hulegeza karatoni isiyopakwa rangi. Magurudumu hukatwa katika soli ya kandambili zilizochakaa, dirisha la rubani katika chupa ya plastiki. Ndege yenye gurudumu la mbele hupenda kukalia mkia wake. Mawe machache yaliyofichwa ndani ya pua huirekebisha. Ikitundikwa, kamba zifungwe kwenye mbao za paa zenyewe, mbili kwenye shina la mabawa na moja karibu na mkia. Msumari uliopigwa kwenye dari hautoshi, hasa pale watoto wanapolala chini yake. Na isitundikwe juu ya mshumaa wala karibu na mbabula. Umeme ukikatika, sote tunawasha mshumaa bila kutazama kilicho juu, na karatoni kavu iliyopakwa rangi ya mafuta haihitaji kuombwa mara mbili.

Tunaongeza maonyo mawili ambayo hayana mzaha. Waya wa shaba na vipande vya alumini vinavyouzwa kwa siri, bila anayeuza kusema vimetoka wapi, visiingie katika ndege zenu hata kama ni vizuri kuliko karatoni. Mji wetu ni njiapanda ya reli, njia za Lubumbashi, Ilebo na Kabalo zinakutana hapa, na kila mmoja wetu anajua kebo inapokatwa ni nani wanaokaa gizani na ni nani wanaokwama njiani. La pili: msiende kwenye kituo cha jeshi na simu mkononi, mkitafuta picha za kupimia. Askari wa zamu hawezi kujua kwamba wewe ni fundi wa karatoni, na haifai kumlaumu. Vipimo vya ndege hizo vimeandikwa katika vitabu tangu zamani, navyo havina siri yoyote.

Lipo pingamizi la kaka yule anayecheka, kwamba hii ni kazi ya watoto. Tungemwomba amfikirie Bodys Isek Kingelez, Mkongomani mwenzetu aliyezaliwa mwaka 1948. Alikuwa mwalimu Kinshasa, akaanza kuunda majengo na miji mizima kwa karatasi, karatoni na vitu vilivyotupwa. Husimuliwa kwamba alipopeleka kazi yake kwenye makumbusho ya taifa, wahusika hawakuamini kwamba ni yeye aliyeiunda, hata ikambidi aunde nyingine mbele ya macho yao. Kisha wakampa kazi ya kutengeneza vinyago vilivyoharibika. Mwaka 1989 miji yake ya karatoni ilionyeshwa Paris, na mwaka 2018, miaka mitatu baada ya kifo chake, jumba kubwa la sanaa za kisasa la New York lilimfanyia maonyesho yake peke yake. Hatusemi kwamba kila kijana wa Kamina atafika New York. Tunasema tu kwamba mtu mzima aliyekaa chini na mkasi na karatoni hakujidhalilisha.

Hata hivyo kuna tofauti kati ya Kingelez na kijana wa kwetu, na tofauti hiyo ndiyo inayotuleta kwenye jambo lililotusukuma kuandika. Kingelez aliunda miji ambayo haijapata kuwapo, miji aliyoitamani. Kijana wa Kamina anaunda ndege zilizokuwapo. Ziliruka juu ya nyumba hizihizi, na kuna watu walioziona ambao bado wako hai.

Kituo cha jeshi la anga kilicho nje ya mji wetu kilijengwa na Wabelgiji baada ya Vita vya Pili vya Dunia, walipokuwa wakitafuta mahali pa kukimbilia iwapo Ulaya ingewaka moto tena. Walifupisha jina lake na kukiita Baka. Katika miaka ya 1950 marubani vijana wa Ubelgiji walifundishwa hapo kwa ndege za Harvard, zenye propela moja puani. Kisha uhuru ukafika tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai Katanga ikatangaza kujitenga. Na majeshi ya Umoja wa Mataifa yakakaa katika kituo hicho. Mwezi Septemba 1961, vita vilipozuka kati ya majeshi hayo na Katanga, serikali ya Moïse Tshombe ilikuwa na Fouga moja tu iliyoweza kutumika. Ndege hiyo moja, ya kufundishia wanafunzi, iliwashambulia askari wa Ireland waliozingirwa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na ikashambulia pia kituo cha Kamina. Umoja wa Mataifa haukuwa na ndege ya kivita ya kuijibu. Katika siku hizohizo, usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba, Katibu Mkuu wake Dag Hammarskjöld alikufa pamoja na wenzake, ndege yao ilipoanguka karibu na Ndola akienda kutafuta kusimamisha mapigano. Baadaye zikaja ndege za kivita za Sweden, za Ethiopia na za India. Zile za Sweden zilikuwa fupi na nene hivi kwamba Waswidi wenyewe waliziita pipa, nazo zilifika wakati zikawa zinaruka kutoka Kamina.

Kwa hiyo kijana anayeweka Fouga ya mita moja juu ya meza ya baba yake, ikiwa imepakwa rangi vizuri na mkia wake wa V umekaa sawa, ameweka mezani kitu kilichowatisha watu wa mji huu. Je, analijua hilo? Tumewauliza vijana kadhaa. Wanajua mwendo wake na injini zake mbili, hawajui Jadotville. Hatuwalaumu, maana sisi wenyewe hatukuwasimulia.

C-130 ina habari nzito zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Novemba 1964, ndege za aina hiyo, za jeshi la Marekani, ziliondoka Kamina zikiwa zimebeba askari wa miavuli wa Ubelgiji. Alfajiri askari hao walishuka kwa miavuli juu ya uwanja wa ndege wa Stanleyville, tunaouita leo Kisangani, ambako waasi wa Simba walikuwa wamewashika mateka mamia ya wageni. Wengi waliokolewa. Wengine walipigwa risasi barabarani kabla askari hawajawafikia. Tarehe 26 Novemba ndege zikaenda Paulis, ambayo ni Isiro ya leo. Huko nako wageni wakachukuliwa, na baada ya siku chache askari wale walirudi Kamina, kisha kwao. Wakongomani wengi mno walibaki walikokuwa, na kisasi kikawaangukia.

Jina la mji huo, Isiro, ninyi wa kundi la Kizito-Anuarite mnalijua hata kama hamjui ndege. Sista Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta aliuawa Isiro usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, na ofisa wa waasi, kwa sababu alikataa kuivunja nadhiri yake. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri huko Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Ni lazima tuseme kwa usahihi: ndege zilipokuwa Paulis, yeye na masista wenzake walikuwa bado Bafwabaka. Walichukuliwa kwa nguvu na kufikishwa Isiro siku chache baadaye, ndege zikiwa zimekwisha kuondoka. Hatudai kwamba rubani yeyote alimwona akamwacha. Tunasema kwamba ndege iliyoondoka kwetu ilifika katika mji ule, ikachukua watu wa aina moja, ikaondoka. Na siku tano baada ya kufika kwake, katika mji uleule, msichana wa Kikongomani asiyekuwa na ndege alisimama peke yake mbele ya muuaji wake.

Mwenye kuunda C-130 kwa vipimo halisi, akahesabu mapanga manne manne, kisha akaandika chini yake "ndege ya mashujaa", amesema nusu ya kweli, kwa maana wako watu waliokuwa wafe siku ile nao hawakufa. Mwenye kuandika "ndege ya wakoloni" amesema nusu nyingine. Wote wawili wangeona aibu kutundika ndege yenye bawa moja, lakini hawaoni aibu kutundika habari yenye bawa moja.

Katika mashauriano yetu walikuwapo waliopendekeza njia fupi: vikundi vya parokia viruhusiwe kuunda ndege za abiria tu, na za kivita zipigwe marufuku. Tunaiheshimu nia yao. Nchi hii imewapa watoto wake bunduki za kweli mara nyingi kupita kiasi, na anayeogopa kuona hata bunduki ya kijiti mikononi mwa mtoto ana sababu zake. Wala hatupingi kwamba Fouga iliyotundikwa bila maelezo inaweza kumlisha kijana tamaa ya vita. Lakini marufuku haitafanya kazi yoyote hapa. Mtoto wa Kamina ataendelea kuunda kile alichosikia kikinguruma, atakiunda kwa siri, na atajibuni historia yake mwenyewe, ambayo ndani yake hakuna aliyekufa. Tena C-130 yenyewe ni ya kundi gani? Imebeba askari na imebeba chakula cha wenye njaa, ni ileile. Hakuna mstari tunaoweza kuuchora kwenye karatoni.

Afadhali ndege hiyo itumike kuwafanya wazee wazungumze. Mtu aliyekuwa na miaka minane mwaka 1961 amekwisha kuvuka sabini. Tunao wengi katika jumuiya zetu, kina kambo wa kiume na wa kike ambao hukaa kimya jioni kwa sababu hakuna aliyewauliza. Swali la wazi, "Kambo, utusimulie vita", mara nyingi halijibiwi. Ni zito mno, na mwenye kuuliza anaonekana amekuja na daftari. Lakini mzee akiingia salonini akakuta mkia wa V juu ya meza, hunyamaza kidogo, kisha husema mwenyewe: hii si ndiyo ile? Anaweza hata kukuambia kwamba rangi umekosea. Hapo kijana akae chini, asibishe, na asimkatize kwa kumtajia mwendo na injini. Aandike. Yako mambo ambayo mzee anakumbuka vibaya, tarehe hasa, na hizo zitasahihishwa baadaye kwa upole kutoka vitabuni. Sauti aliyoisikia na mahali alipojificha haviko katika kitabu chochote.

Wazazi nao tunawaomba ukuta mmoja. Najua, atasema mama wa nyumba, ukuta ule una picha ya harusi na kalenda ya parokia. Basi iwe dari. Nyumba zetu ni ndogo, wala hatuandiki kana kwamba kila familia ina chumba cha kuchezea. Tunaomba tu kwamba ndege isihukumiwe kabla haijamalizika, na kwamba kijana asiachiwe mzigo wote wa kutafuta nafasi. Naye kijana, kabla ya kudai ukuta, amalize kazi za nyumbani na za shule. Mtu aliyeweza kuhesabu mara ishirini ya kila kitu hawezi kujifanya hajui saa za kuteka maji.

Ikiwa ni faraja kwa wenye mashaka, kumbukeni kwamba msimamizi wa marubani na wasafiri wa anga katika Kanisa ni Bikira Maria wa Loreto, aliyetangazwa hivyo na Papa Benedikto wa Kumi na Tano mwaka 1920. Sababu yake inajulikana: mapokeo ya zamani yanasema kwamba nyumba ya Nazareti ilibebwa na malaika kupitia angani hadi Italia. Sisi tunaomba jambo dogo zaidi, kwamba ndege ikae ndani ya nyumba.

Kuhusu utaratibu, pendekezo letu kwa viongozi wa vikundi ni hili. Kila ndege kubwa iliyokamilika iwe na kadi ya ukubwa wa kiganja, iliyoandikwa kwa mkono na kufungwa kwa uzi chini ya bawa la kushoto. Iandikwe aina ya ndege, imepunguzwa mara ngapi, ilikuja kwetu lini na kwa amri ya nani, ilibeba nini, na mstari wa mwisho uanze kwa neno "Waliobaki". Mstari huo ndio utakaochukua muda mrefu kuliko propela zote nne, na wengine wataurudisha kwetu ukiwa mtupu. Tutawarudishia kadi, pamoja na jina la mzee mmoja wa jumuiya yao wanayeweza kwenda kumtembelea. Kwa ndege iliyokwenda Paulis, kadi ya kwanza tumekwisha kuiandika wenyewe, na kwenye mstari ule tumeweka Anuarite, tukaacha nafasi ya majina mengine.